Abu Hanifa alikuwa muuza vitambaa

Ukiwatajia watu wema waliotangulia, wengi wanawaza wazee waliokuwa wanalia usiku kucha kwenye mkeka wa swala. Na kweli usiku walikuwa wanalia, ila kukikucha walikuwa wanaenda sokoni. Sayyidna Abubakar alikuwa mfanyabiashara wa nguo, na inasimuliwa kwamba asubuhi baada ya kupewa ukhalifa alionekana na mzigo wake wa nguo begani anaelekea sokoni kama kawaida yake, akina Umar wakamkuta njiani wakamwambia unaenda wapi na mambo ya Waislamu yote sasa yako juu yako, akawajibu sasa wanangu wale nini? Ndo akapangiwa posho kutoka baitulmali, hazina ya Waislamu. Abdurrahman bin Awf, swahaba wa Mtume, alikuwa mtu wa soko. Muhammad bin Sirin wa Basra, huyu ambaye watu wanamjua kwa tafsiri ya ndoto tu, naye alikuwa mfanyabiashara. Na Imamu Abu Hanifa, aliyezaliwa Kufa kule Iraq mwaka 80 hijria na kufariki mwaka 150, alikuwa na duka la vitambaa, tena vitambaa vya maana vya hariri iliyochanganywa na sufi.

Sisi huku pwani wengi wetu ni Shafi, yani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na Abu Hanifa ana madhehebu yake, lakini kwenye habari za dukani mi imamu wangu ni Abu Hanifa, samahanini sana mashekhe.

Nina fremu Tandika. Nauza vitenge, khanga, madera, na siku hizi abaya maana ndo zinatoka, asilimia kubwa ya mauzo yangu yanaanzia kwenye status ya WhatsApp alafu bodaboda anapeleka. Mi sio ustadhati. Nimesoma chuoni kama watoto wote wa kitaa, na sahivi nahudhuria darsa la akina mama baada ya alasiri, maalim wetu ni mzee mmoja mpole ambaye anapenda sana habari za maswahaba na matabiina, yani kizazi kilichowafuata maswahaba, ukimuuliza swali la dhahabu au la mume atakujibu kwa kisa. Haya ninayoandika ndo visa vya kwenye darsa lake ambavyo vimenifuata mpaka dukani, maana vingine nilivisikia nikasema mashaallah nikaondoka zangu, havijanishika.

Kilichonishika kuliko vyote ni cha chungu ya nafaka, yani lundo. Kiko kwenye kitabu cha hadithi cha Swahihi Muslim na hakina urefu. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alipita sokoni akakuta mtu anauza chakula kakipanga chungu, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na maji. Akamuuliza nini hiki mwenye chakula? Yule bwana akasema kimepigwa na mvua ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu. Akamwambia kwa nini hukukiweka juu watu wakakiona, mwenye kughushi si katika mimi.

Angalia vizuri hapo. Hakumwambia usiuze, na hakumwambia kamwage. Kamwambia weka juu. Yani kuloa kwenyewe sio dhambi, mvua ni ya Mungu, kilichomharibia ni mpangilio wa chungu. Sasa njoo kwenye biashara yetu ya picha. Mteja wa mtandaoni hana mkono wa kuingiza, haoni chini ya chungu, anachoona ni kile tu ulichoamua wewe kukiweka juu, na wote tunajua picha inapigwaje, unasogea mlangoni kwenye mwanga, unaweka filta, kitambaa kinang'aa kama cha laki na nusu.

Kuna jora la kitenge nilichukua Kariakoo, rangi ya bluu iliyokolea na maua mekundu, kizuri mno. Yule muuzaji wa jumla kaniapia hakichuji dada, hicho ni waksi. Mi nina mtindo wangu, nikifika nyumbani nakata kipande kidogo cha pembeni nakiloweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, alafu nakifikicha na leso nyeupe. Jamani ile leso! Ilitoka kama nimefutia wino, na maji kwenye beseni yakawa zambarau. Na jora lote lishakuja dukani, na kurudisha haiwezekani, nilimpigia akaniambia dada mbona wenzio wanauza tu.

Mbona wenzio wanauza tu. Hilo neno ukilisikia ujue chungu inapangwa.

Nikapiga picha tatu. Ya kwanza kabisa nikaweka ile leso iliyochafuka na beseni, ya pili kitenge chenyewe, ya tatu bei niliyoshusha, nikaandika kitenge kizuri ila kinachuja vibaya, ukikinunua kifue peke yake kwa maji baridi na chumvi na usikichanganye na shuka jeupe ukaja kunilaumu. Shoga yangu wa fremu ya pili alicheka mpaka akakaa chini, akasema we umerogwa, nani anatangaza biashara yake kwa kuisema? Wapo walionunua, dada mmoja kachukua cha mapazia akasema pazia mi nafua mara moja kwa Ramadhani, mwingine kachukua cha kufunika viti. Kilichobaki nikakigawa kwa mafundi wa cherehani watie bitana.

Na hapa sitaki kumdanganya mtu. Hela yangu haikurudi yote. Kwenye zile klipu za mawaidha zenye sauti ya kaswida nyuma wanapenda kumalizia kwamba alisema ukweli na kesho yake Mungu akamfungulia milango akanunua nyumba, mi sikununua nyumba, nilipata hasara na nikaila kimya kimya. Abu Hanifa naye alipata hasara. Alimpa mshirika wake Hafs bin Abdurrahman mzigo akauze, akamwambia ndani humo kuna nguo ina kasoro, ukiiuza mwonyeshe mteja. Hafs akauza, akasahau kuonyesha, na hata hakumjua aliyenunua ni nani. Abu Hanifa alipopata habari akaitoa sadaka pesa ya mzigo wote, sio ya ile nguo moja. Maalim alivyotusimulia hicho kisa alikaa kimya kidogo akatuuliza, nyie mngetoa ya nguo ngapi? Hakuna aliyejibu, tukaanza kutafuta viatu.

Linalofanana na hilo ni lile bango la bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Fremu nzima za mtaani kwetu zinalo, mi nimekuta la aliyekuwepo kabla yangu limegandishwa ukutani kwa gundi. Nikalibandua. Kuna hadithi ya Hakim bin Hizam, Bukhari na Muslim wote wameipokea, kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari maadamu hawajaachana, na wakisema kweli na wakabainisha wanabarikiwa kwenye biashara yao, wakificha na wakasema uongo baraka inafutwa. Na ipo nyingine ya kumkubalia mtu aliyejuta kununua, kwamba ukimpokelea Mwenyezi Mungu naye atakusamehe kuteleza kwako siku ya kiama. Sasa mteja wa mtandaoni anaachana na nani, na wapi? Hajanikuta, kakutana na bodaboda getini kwake. Kwahiyo mi nimeweka utaratibu wangu, nguo ikifika uifungue bodaboda yupo, ukiona siyo irudishe nae, nauli ya kurudi tunagawana. Wapo wanaonitumia vibaya, kuna mmoja alivaa dera kwenye kitchen party ya mdogo wake alafu akalirudisha linanukia udi na pilau. Huyo nilimrudishia dera lake na salamu.

Sasa tuje kwenye madeni, na hapa ndo penye maneno, maana duka la nguo uswahilini bila kukopesha halipo.

Aya ndefu kuliko zote kwenye Qur'ani nzima haizungumzii swala wala pepo. Ni aya ya 282 ya suratul Baqara, na inazungumzia deni, kwamba mkikopeshana kwa muda maalumu liandikeni, na mwandishi aandike kwa uadilifu, na mchukue mashahidi, na msichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Mpaka kinachosemwa kwenye hati kimeelezwa kwamba aseme yule anayedaiwa, kwa mdomo wake. Mi nina daftari kubwa la kaunta, na mteja akikopa namwambia njoo uandike mwenyewe, jina, kitu, hela, na siku utakayolipa, alafu weka saini. Wengine wananuna. Shoga kwani huniamini? Kwani mi nitakimbia na kitenge chako? Nawajibu nakuamini sana ila aya haijasema waandikeni wale msiowaamini, imesema enyi mlioamini, inatuongelea mimi na wewe. Wengine wanacheka wanaandika, wengine wanaondoka, na kusema kweli walioondoka sijawahi kuwalilia.

Kinachonichekesha ni mkopaji anavyobadilika siku ya kudaiwa. Siku ya kukopa ana sauti ya asali, siku ya kulipa anafunga data, status zako hazioni tena, na ukimkumbusha kidogo tu anakuwa mkali, mbona unanidhalilisha dada, kwani hela yenyewe shilingi ngapi. Kuna mtu alimdai Mtume ngamia, akaja akamsemea maneno makali mbele za watu, maswahaba wakataka kumshughulikia, Mtume akasema mwacheni, mwenye haki ana maneno. Akaagiza apewe ngamia wa umri uleule, wakamkosa wakapata aliye bora kuliko yule, akasema mpeni huyohuyo, mbora wenu ni yule mbora wa kulipa. Mwenye haki ana maneno! Hii nilitaka kuichapisha niibandike pale lilipokuwa lile bango.

Alafu kuna cha Ibn Sirin ambacho naona kingefaa kusomwa kwenye kila kikoba kabla watu hawajagawana hela. Alikuwa na deni kubwa la biashara, na inasimuliwa lilitokana na mafuta aliyoyanunua kwa mkopo, akakutwa panya kwenye kiriba kimoja, akasema huenda panya alikufa kinuni yalipokamuliwa, akayamwaga yote. Deni likamshinda akafungwa jela. Akiwa jela akafariki Anas bin Malik, swahaba wa Mtume, na Anas alikuwa ameusia kwamba atakayemuosha na kumswalia ni Ibn Sirin. Watu wakaenda kwa amiri wakapata ruhusa, wakamwendea jela wakamwambia toka. Akasema mi sikufungwa na amiri, nimefungwa na mwenye kunidai, kamuombeni yeye. Wakaenda kumuomba yule mdai akaruhusu. Ibn Sirin akatoka, akamuosha Anas, akamkafini, akamswalia, na akarudi zake jela moja kwa moja bila hata kupita nyumbani kuwaona watoto. Mtu yuko jela kwa sababu alikataa kuuza mafuta yenye wasiwasi, na bado anamchunga mdai wake kiasi hicho. Sisi huku mtu akikuona kwa mbali anavuka barabara.

Ila deni lina upande wa pili. Kabla ya hiyo aya ya 282 kuna ya 280, inasema mdaiwa akiwa ana dhiki basi apewe muda mpaka afarijike, na mkisamehe ndo bora zaidi kwenu. Kuna mteja wangu mmoja mumewe ni bodaboda, alichukua sare za shughuli kwa mkopo, kabla ya siku ya kulipa mumewe akapata ajali akavunjika mguu na pikipiki yenyewe ya mkataba. Akaja mwenyewe dukani, hakujificha, akakaa kwenye kigoda akaniambia dada sina, na nikuambie kabisa hata mwezi ujao sina. Jirani yake kamshauri akachukue mkopo wa kausha damu anilipe mimi. Yani akakope kwa watu wa riba, wanaokuja kubeba mpaka friji na godoro, ili mimi muuza vitenge nimalize hesabu zangu. Nikamwambia usithubutu. Nikafuta ile tarehe kwenye daftari, sikuandika nyingine. Na msidhani nilikuwa na hela za kuchezea, wiki hiyohiyo na mimi nilikuwa nadaiwa Kariakoo, nikampigia mtu wangu wa jumla nikamuomba siku chache, akanipa akalalamika, mwenye haki ana maneno nikayasikiliza yote mpaka salio lake likaisha. Yule dada alikuja kulipa kidogokidogo, mara elfu 3, mara elfu 5, kamaliza mguu wa mumewe ushapona zamani.

Tofauti ya hawa wawili naijua kwa jambo moja tu, huyu alikuja dukani mwenyewe. Mwenye dhiki anakuja, mjanja anafunga data. Sio kanuni ya dini, ni ya kwangu.

Na hapa inaingia habari ya Sayyidna Umar ambayo imetusaidia sana kwenye mchezo wetu. Tuna mchezo wa akina mama wa mtaa, kila wiki tunatoa, anapokea mmoja, na kijumbe ndo anayekusanya hela zote mkononi kwake. Kijumbe wetu wa zamani alihama mji, ikabidi tupate mwingine. Mapendekezo yakawa kwa dada mmoja ambaye kila mtu anamsifu, anavaa vizuri stara yake, darsani hakosi, akisoma Qur'ani unaweza kulia, na kila mtu akasema huyo huyo, mcha Mungu, hela zitakuwa salama.

Bi mkubwa mmoja mtu mzima akasema ngojeni. Akauliza, kuna aliyewahi kumdai humu? Kimya. Kuna aliyewahi kusafiri nae? Kimya. Nani anakaa nae nyumba moja au ukuta kwa ukuta? Kimya. Akasema sasa mnamjulia wapi?

Nikagutuka, maana hicho ni kisa cha Umar kilivyo. Mtu alikuja kutoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia sikujui, lete anayekujua. Mmoja akasema mi namjua ewe amiri wa waumini, ni mtu mwadilifu. Umar akamuuliza, wewe ni jirani yake wa karibu unayejua usiku wake na mchana wake, anavyoingia na anavyotoka? Akasema hapana. Umefanya nae biashara ya dinari na dirhamu, ambayo ndo inaonyesha uchamungu wa mtu? Hapana. Ulisafiri nae safari inayofichua tabia? Hapana. Basi humjui, na katika mapokezi mengine akamwambia labda umemwona msikitini anainua kichwa na kukishusha. Sikujua kama yule bi mkubwa alikisikia kwenye darsa au kimemtoka tu kwa uzee wake, nilipomuuliza akaniambia mwanangu mi nimelea watoto saba, Umar namjua kwa jina.

Tukamchagua mwingine, mama muuza maandazi, sio msomaji sana, mkali, anagombana na kila mtu, ila karibu wote tulishawahi kula maandazi yake kwa mkopo na kulipwa nae chenji zetu mpaka shilingi 50. Yule dada mcha Mungu hakuambiwa lolote baya, na labda angetunza hela vizuri kutushinda wote, sio kwamba alikuwa mwizi. Ni kwamba hatukumjua, na kutokumjua mtu sio kumtuhumu. Hilo lilikuwa gumu kueleweka, kuna walionuna wakaona tumemdharau mtu wa dini. Mi naona ndo heshima yenyewe, usimbebeshe mtu amana kwa sababu ya nikabu yake, siku ikiharibika mtaitukana na nikabu.

Kwenye grupu la mchezo baadae ikaja voisi, hata sijui ilitoka wapi, kwamba kijumbe wa mtaa wa pili katoroka na milioni kadhaa na jina lake likatajwa. Ikasambaa kabla hata adhana ya magharibi. Watu wanaweka innalillahi na emoji za kulia. Kuna hadithi iko kwenye utangulizi wa Swahihi Muslim, inamtosha mtu kuwa muongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Kila alichokisikia! Yani hujatunga wewe, umefowadi tu, na bado umo. Nikaandika kwenye grupu, kuna mtu amempigia huyo dada? Hakuna. Nikampigia, akapokea, yuko hospitali ya wilaya anamuuguza mamake, simu ilikuwa imezima chaji. Watu wakafuta meseji zao kimya kimya, wale wa innalillahi hata samahani hawakusema.

Na kuna ile ya Hasan al-Basri, mwanazuoni wa matabiina, kaambiwa fulani kakusengenya, akamtumia yule mtu sinia la tende na ujumbe, nimesikia umenizawadia thawabu zako, nimetaka kukulipa, unisamehe tu siwezi kukulipa kwa ukamilifu. Nilimsimulia yule kijumbe aliyesingiziwa nikidhani itampoza moyo. Akaniambia dada, nikiwatumia tende watu wa hilo grupu mtaji wangu wote utaisha.

Sasa yupo binti anayenisaidia dukani, alikuja mjini kutoka Handeni kwa shangazi yake. Baada ya muda nikaona anajua kazi, ana mdomo mzuri kwa wateja, nikamwambia nitakukopesha mtaji kidogo uanze na wewe. Akafikiria siku nzima. Jioni tunafunga akaniambia, dada hela usinipe, nipeleke tu Kariakoo siku moja unionyeshe unapochukulia mzigo na unavyoongea nao. Nilicheka mwenyewe maana alikuwa hajui amesema maneno ya nani. Abdurrahman bin Awf alivyofika Madina kutoka Makka hana kitu, Mtume akamuunganisha udugu na Saad bin Rabii, Saad akamwambia mi ndo tajiri wa Maanswari, yani Waislamu wenyeji wa Madina, nakugawia nusu ya mali yangu. Abdurrahman akamwambia Mwenyezi Mungu akubarikie kwenye ahli yako na mali yako, nionyesheni soko liko wapi. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqa, akaanza na jibini kavu na samli, na haikuchukua muda akaonekana na alama ya manukato ya harusi, kashaoa.

Tukaenda alfajiri na mapema, mtaa wa Kongo kabla haujajaa. Nikamfundisha kushika kitambaa kwa vidole viwili na kukiangalia kwa nyuma, maana kitenge kizuri rangi ya mbele na nyuma inakaribiana, cha hovyo nyuma kimepauka. Nikamtambulisha kwa wale wa jumla watatu ninaowaamini, na nikampitisha mbele ya duka la yule wa hakichuji dada, nikamwambia hapa salimia tu upite. Sahivi anatembeza khanga na leso za kichwani maofisini, na hajaoa wala hajaolewa bado, ila anasema yuko njiani.

Binti huyohuyo ndo aliyeniletea balaa la mwisho, maana darsani nae anakwenda, na akisikia kisa lazima akisambaze kwa wateja. Juzijuzi maalim alisimulia kwamba bibi mmoja mzee alikwenda kwa Abu Hanifa akamwambia mi ni mnyonge, niuzie hii nguo kwa bei uliyonunulia. Abu Hanifa akamwambia ichukue kwa dirhamu 4. Yule bibi akakasirika, akasema usinifanyie mzaha na uzee wangu huu. Akamwambia sikufanyii mzaha, nilinunua nguo mbili, moja nimeshaiuza kwa bei inayokaribia mtaji wa zote mbili, zimebaki dirhamu 4 tu ndo nirudishe hela yangu, na hizo ndo bei ya hii. Kisa kitamu sana. Binti akakipeleka kwa wateja wote bila kubakisha.

Asubuhi yake kaja mama mmoja mnene mwenye kikapu, hata salamu hakumaliza, kashika khanga doti moja ya elfu 15 akaweka elfu 4 mezani, anasema toa risiti, mi mnyonge, sunna ya Abu Hanifa hiyo. Nikamwambia hewala mama, nakuuzia, ila Abu Hanifa ya kwanza alishaiuza kwa bei iliyobeba zote mbili, nawe nitafutie kwanza atakayechukua doti ya pili kwa elfu 26. Akaangalia huku na huku dukani, macho yakaenda kwa binti. Binti kashika mlango.